Nukta ya Ikulu

Nchi ninayoisimulia ina amani. Wananchi wake huambiwa hivyo kila asubuhi kwa vipaza sauti, na yule ambaye hakusikia vizuri hufuatwa nyumbani akaambiwe kwa karibu. Jina la nchi hiyo sitalitaja. Si kwa woga. Kibali cha kulitaja huhitaji miezi minane na picha nne za pasipoti, na mimi ninazo tatu.

Huko palikuwa na kiwanda cha magodoro kilichoitwa Raha Kamili. Mkurugenzi wake, Bwana Nassor Kilongola, alikuwa mtu mnene na mpole, aliyelowa jasho kwapani hata asubuhi za baridi, maana aliiogopa serikali kwa bidii kuliko alivyouza magodoro. Fundi wake wa kompyuta alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne aitwaye Sikudhani Mbelwa. Kompyuta ndizo zilizoendesha mashine zote za kiwanda, kwa hiyo Sikudhani alijulikana kila kona, kuanzia ofisini hadi kwa wakata sponji.

Jumatano moja, saa tatu asubuhi, ikaingia barua pepe kutoka Ikulu. Bwana Kilongola akasimama wima kuisoma, kama sheria inavyotaka, akamwita Sikudhani asimame naye.

"Kwenu nyinyi wezi na wazembe wa Raha Kamili," barua ilianza. "Fungueni kiambatisho hiki kabla ya saa sita mchana ili kompyuta zenu zipimwe uzalendo. Atakayechelewa atapigwa viboko kumi na viwili na kung'olewa kucha mbili. Zipi, atachagua mwenyewe."

"Ni yao kabisa," alisema Bwana Kilongola akijifuta uso. "Angalia walivyotutukana. Mtu wa kawaida hawezi kutukana hivi."

Sikudhani aliinama karibu na kioo.

"Bosi, usifungue. Angalia anwani iliyoituma. Neno ikulu hapa halianzi na i. Hii ni l. Kijiti kitupu, hakina nukta juu. Kuna mtu ametengeneza anwani inayofanana na yao ili tudhani ni wao. Hawa ni wadukuzi. Ukifungua tu, wameingia ndani."

"Nukta?" Bwana Kilongola alimtazama kama mtu aliyeambiwa ale chupa. "Unataka ning'olewe kucha kwa ajili ya nukta?"

"Basi tuwapigie Ikulu tuwaulize kama ni yao."

Bwana Kilongola alikaa chini bila kutaka. Mji mzima ulimkumbuka mwenye kiwanda cha mikate aliyepiga simu Ikulu kuuliza swali kama hilo. Alifuatwa kwa heshima, kwa gari lenye mapazia na shada la maua kwenye kiti cha nyuma. Alirudi baada ya wiki mbili akiwa na vidole saba.

"Nipe dakika kumi," Sikudhani alimsihi. "Nichomoe mashine kwenye mtandao kwanza, halafu ufungue ukitaka."

Muda ulikuwepo, zaidi ya saa mbili. Lakini kidole cha Bwana Kilongola kilikuwa kimeshabonyeza.

*

Lazima nieleze jambo moja. Kwa Amri ya Heshima Mitandaoni, kila kampuni nchini humo ilitakiwa kutumia nenosiri moja tu, nalo ni tarehe aliyozaliwa Mtukufu Kiongozi. Sikudhani aliwahi kupendekeza kiwanda kiwe na lake. Aliandikishwa barua ya kuomba radhi kwa Mtukufu na kwa mama aliyemzaa. Kwa hiyo kiambatisho kilipowafungulia wadukuzi mlango wa nje, milango yote ya ndani waliifungua kwa ile tarehe ambayo hata watoto wa chekechea huiimba.

Kompyuta zote zilibadilika zikawa nyekundu, na maandishi yakatokea: "Tumewafungia. Mkitaka kazi yenu, tulipeni."

Wakati huo Mzee Chande, mkata sponji wa miaka ishirini na mitatu kazini, alikuwa ameizima mashine yake ili atoe kipande kilichonasa. Mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya msumeno, na msumeno wenyewe ni mrefu kama kitanda. Mashine ikajiwasha.

Mzee Chande hakupiga kelele mara moja. Alikiangalia kiganja chake kikisafiri juu ya mkanda pamoja na sponji, kikipelekwa kule magodoro yanakoshonwa, halafu ndipo akapiga kelele. Msumeno ulirudi, ukaenda, ukarudi. Vijana waliokimbia kumsaidia walirudi nyuma. Sikudhani aliwapita mbio hadi kwenye swichi kuu ukutani, akaivuta kwa mikono miwili. Ililipuka cheche zikamuunguza kiganja, lakini mashine ikafa. Akavua mtandio wake, akaufunga kwenye kigutu cha mzee na kuukaza kwa bisibisi.

"Mwanangu," Mzee Chande alisema, meno yakigongana, "mimi niliizima. Wallahi niliizima."

"Najua uliizima, baba. Tulia. Najua."

*

Gari la wagonjwa lilichelewa, ila Kikosi Maalumu cha Kuua Virusi na Kuponda Wadukuzi kilifika baada ya dakika nane kwa malori sita. Kiliongozwa na Kanali Bushiri Mkwanda, aliyepewa kazi hiyo baada ya kutuliza mgomo wa wanafunzi kwa mafanikio makubwa, kiasi kwamba chuo kile sasa kina vyumba vingi kuliko wanafunzi.

Kanali alipanda juu ya rundo la magodoro, akayumba, akashikwa, akahutubia.

"Wananchi! Adui ameingia kwa waya! Tutamkamata kwa waya, tutamfunga kwa waya, na tutamnyonga kwa waya huohuo! Mdukuzi yuko wapi?"

"Afande," alisema Sikudhani, "huenda yuko nchi nyingine kabisa."

"Hakuna nchi nyingine," alijibu Kanali. "Msakeni!"

Askari walianza na magodoro. Walichoma kwa singe magodoro mia nne, wakiyaamuru yajisalimishe. Vipande vya sponji viliruka ukumbi mzima na kunata kwenye damu iliyokuwa sakafuni. Mshonaji mmoja alipiga chafya kwa vumbi, wakamvunja mbavu mbili kwa kosa la kumpa adui ishara. Kompyuta ya mapokezi iliulizwa jina lake mara tatu, ikapigwa makofi, kisha rungu. Kiganja cha Mzee Chande kilikutwa mwisho wa mkanda, kikachukuliwa alama za vidole na kuwekwa chini ya ulinzi.

Halafu wakafika chumba cha seva. Pembeni palikuwa na kisanduku cheusi ambamo Sikudhani alihifadhi nakala ya kila kitu cha kiwanda, mbali na mtandao, kwa ajili ya siku kama ile. Akasimama mbele yake.

"Tafadhali, hiki msikiguse. Hakijaingiliwa. Kwa hiki jioni tunaanza kazi, hatuhitaji kumlipa mwizi yeyote."

Askari alichungulia. Kisanduku kilikuwa na kitaa kidogo cha kijani kinachowakawaka.

"Kinanikonyeza," alisema, akakipiga risasi tatu.

Sikudhani alikaa sakafuni. Mpaka hapo hakuwa amelia.

Bwana Kilongola alizabwa makofi mawili tu. Hata la pili halikuwa na haja.

"Ni huyu!" alipiga kelele akimwonyesha Sikudhani. "Huyu ndiye aliyeniambia Ikulu haina nukta!"

Askari mmoja alivua kofia, kama mtu aliyesikia msiba.

*

Sikudhani alikaa mahabusu siku tano. Aliyemshughulikia alikuwa Sajenti Lukwaro, mtu nadhifu, mwenye mwandiko mzuri, aliyempiga nyayo kwa waya wa umeme na kuandika kila pigo kwenye daftari ili asije akamwonea.

"Nukta ya Ikulu umeipeleka wapi?"

"Sijaichukua. Barua haikutoka kwao."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Andika: hakuna," Sajenti alijiambia, akaandika, kisha akampiga ngumi ya mdomo iliyong'oa meno mawili. Hayo nayo akayaandika.

Kilichomuuma Sikudhani zaidi ya nyayo ni zile dakika kumi. Kwa nini aliomba? Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye waya wa mtandao. Angeuchomoa bila ruhusa, Mzee Chande angekuwa na mikono miwili. Alirudia hesabu hiyo ya hatua tatu kila usiku.

Nje, siku hizo tano, kampuni arobaini zilipokea barua ileile na kuifungua zikiwa zimesimama wima. Katika kiwanda cha sabuni, tanuri liliachwa likachemka bila wa kulizima, likalipuka na kuua watatu. Taarifa rasmi ilisema walifariki kwa ajali ya usafi. Kanali Mkwanda alikwenda kila mahali na malori yake, na kila alipopita hapakubaki kitu ambacho mdukuzi angeweza kukiiba.

*

Kesi ilisikilizwa Jumatatu. Sikudhani alibebwa hadi kizimbani kwa kuwa nyayo hazikukanyagika.

"Mheshimiwa Hakimu," alinguruma mwendesha mashtaka, "Ikulu yetu ina mageti, ina bustani, ina tausi, ina mabwawa mawili ya kuogelea. Leo anatokea fundi wa magodoro anasema haina nukta! Kesho atasema haina nini?"

Watu wa mbele walitikisa vichwa kwa uchungu.

Shahidi wa kwanza alikuwa Mzee Chande, kigutu kikiwa kimefungwa bandeji.

"Nyanyua mkono wa kulia uape," karani alimwamuru.

"Uko pale mezani, mheshimiwa," alisema Mzee Chande. "Kwenye mfuko. Mmeuandika kielelezo A."

Karani alishauriana na Hakimu. Ikaamuliwa askari aunyanyue mfuko kwa niaba yake. Mzee Chande aliapa, akasema Sikudhani ndiye aliyemwokoa, akaambiwa hilo halikuulizwa, akaketi.

Hapo ndipo simu ya Kanali Mkwanda ilipolia. Alisoma, uso ukapauka kama majivu. Aliomba mahakama ipumzike, akamshika Sikudhani mkono na kumburura hadi chumba cha faili, akafunga mlango. Kwa siku tano alikuwa akimwita mbwa.

"Dada Sikudhani," alisema. "Niangalizie hii barua. Ina nukta?"

Barua ilisema kwamba Kanali Mkwanda, kwa kushindwa kuponda wadukuzi, avuliwe cheo na achapwe viboko hamsini na kikosi chake mwenyewe, papo hapo alipo. Sikudhani aliisogeza karibu na jicho ambalo halikuwa limevimba.

Nukta ilikuwepo.

"Labda ni uchafu wa kioo," Kanali alisema. Alifuta simu kwa mkono wa gwanda. Nukta ikabaki. Akaikwangua kwa ukucha. "Sema haina. Wewe sema tu haina, nitawaambia ni ya wadukuzi, watakuamini. Nakuachia sasa hivi. Una mama? Leo hii utakula kwa mama yako."

Sikudhani alikuwa na mama. Alimfikiria. Alifikiria pia kwamba mtu huyu alikuwa tayari kumwamini katika jambo lilelile ambalo yeye alivunjwa meno kwa kulisema, na kwamba akidanganya hapa, hakuna mtu nchini atakayejua tena barua ipi ni ipi. Hata yeye.

"Ina nukta, Kanali."

Kanali Mkwanda alikaa juu ya faili. Mlango ulifunguliwa. Sajenti Lukwaro aliingia na nakala ya barua, akaisoma yote kwa sauti, hadi mhuri, kisha akafungua ukurasa mpya wa daftari.

Walimchapa humohumo. Kwenye cha kumi na tano alimwita mama yake. Kwenye cha thelathini na moja alijikojolea. Kwenye cha arobaini na nne alinyamaza, na mmoja wa askari akauliza kama waendelee. Sajenti alitazama barua. Iliandikwa hamsini. Wakamaliza.

Siku zote tano Sikudhani alikuwa amejiahidi kwamba siku zamu ya Kanali ikifika angefurahi. Alitapika juu ya faili za urithi.

Hakimu naye, alipoarifiwa na Sajenti aliyesikia yote akiwa mlangoni, alirudi kitini akatoa hukumu: mshtakiwa amekiri mbele ya afisa wa serikali kwamba Ikulu ina nukta, kwa hiyo kesi imekwisha. Makofi yalipigwa. Siku mbili baadaye tangazo likatoka kuwa mwananchi pekee nchini aliyethibitisha nukta ya Ikulu ameteuliwa Kamanda mpya wa Kikosi. Hakuulizwa kama anataka. Aliletewa gwanda na fimbo, na Sajenti Lukwaro alimsaidia kuvaa buti taratibu, maana alikuwa anajua vidonda viko wapi.

*

Kamanda Sikudhani alianza kazi kwa kuandikia kampuni zote.

"Ndugu wafanyabiashara," aliandika, "tafadhali kila mmoja abadilishe nenosiri na asimpe mtu. Msifungue kiambatisho msichokitarajia. Hifadhini nakala za kazi zenu mbali na mtandao. Mkiwa na shaka na barua yoyote, hata hii, pigeni simu mtuulize. Hakuna atakayewadhuru."

Hakuna kampuni hata moja iliyobadilisha chochote. Badala yake zilifika taarifa mia moja na kumi na mbili za barua ya kughushi. Bwana Kilongola alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni akiwa amelowa hadi kiunoni.

"Kamanda, kuna tapeli anatumia jina lako. Anasema tafadhali."

"Ni mimi, Bwana Kilongola."

"Ndiyo, Kamanda," alisema, akicheka kwa adabu, kama mtu anayejaribiwa. "Nimeshaifuta."

Wiki hiyo wadukuzi waliingia kwenye bohari ya dawa kwa nenosiri lilelile la kuzaliwa kwa Mtukufu, wakazima majokofu. Dawa za sukari ziliharibika zote. Walikufa watu kumi na mmoja, na Sikudhani alikwenda kwenye mazishi mawili, akasimama nyuma kabisa ili gwanda lisionekane.

Alirudi ofisini akaiandika barua upya. Maneno yalikuwa yaleyale. Alifuta "ndugu" na "tafadhali", na mwisho akaongeza mstari mmoja: "Asiyetii atapigwa viboko sita." Sita, kwa kuwa ilikuwa nusu ya kawaida. Alijiambia ni maneno tu.

Kesho yake kufika alasiri, nchi nzima ilikuwa imebadilisha nenosiri.

Alhamisi, Sajenti Lukwaro akamletea mwanamke wa makamo, mwenye kiatu mguu mmoja, aitwaye Mwanaheri, mwenye duka la dawa za binadamu karibu na stendi.

"Huyu peke yake ndiye hakutii, Kamanda. Viboko sita. Saini hapa chini."

"Barua sikuiona, mwanangu," alisema Bi Mwanaheri. "Kompyuta yangu vijana wako waliipiga risasi mwezi uliopita. Kuna aliyesema inamkonyeza."

"Sajenti," Sikudhani alisema, "ule mstari sikuumaanisha."

Sajenti hakumdharau. Alijibu kama mwalimu anayemweleza mwanafunzi mzuri.

"Kamanda, barua yako ya kwanza hawakuiamini, watu wakafa. Hii wameiamini. Leo asipochapwa huyu, kesho itajulikana kuwa hata hii ni ya uongo. Watarudisha ile tarehe ya Mtukufu, na wezi wataingia tena. Viboko sita, Kamanda. Huyu ana afya."

Ubaya ni kwamba alisema kweli. Sikudhani alikaa na kalamu mkononi, hakusaini na hakusema kitu. Na kwa kuwa katika ofisi ile ukimya wa mkubwa siku zote ulihesabiwa kuwa "ndiyo", Sajenti alipiga saluti, akamtoa Bi Mwanaheri uani.

Kiboko cha kwanza kilisikika. Nyayo za Sikudhani ziliwaka moto ndani ya buti. Cha pili. Bi Mwanaheri hakulia. Alisema tu, "Ya Rabi," kwa sauti ya mtu aliyechoka. Waya wa mtandao ulikuwa hatua tatu, Sikudhani alikumbuka, na yeye aliomba ruhusa. Aliangusha kiti akatoka mbio.

"Basi!"

Fimbo ilibaki juu. Askari wote waligeuka.

"Basi kwa huyu, Kamanda," aliuliza Sajenti Lukwaro, akilitoa daftari, "au basi kwa wote?"

"Kwa wote. Asichapwe mtu tena hapa."

Sajenti aliandika. Alimsomea alichoandika ili kama kuna kosa lisahihishwe. Halikuwepo. Akapiga saluti, akaingia ofisini, akafunga mlango, na kupitia dirishani wakamwona akiinua mkono wa simu ya Ikulu.

Sikudhani alipiga magoti, akamnyanyua Bi Mwanaheri, akampitisha mkono begani.

"Watakuua, mwanangu," Bi Mwanaheri alimnong'oneza.

"Najua. Unaweza kutembea?"

"Naweza. Taratibu."

Wakaanza kuuvuka ua, mmoja akichechemea kwa nyayo na mwingine kwa mgongo, kila mmoja akijaribu kumwegemea mwenzake kidogo kuliko alivyohitaji. Askari waliwapisha, macho yao yakiwa kwenye mlango wa ofisi, wakingoja kuambiwa. Walipofika getini, mlinzi alifungua geti lote, akabana miguu na kupiga saluti, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwambia bado.